Mgeni akihepa bila kulipa, kwa nini akatwe karani wa mapokezi?

Wenzangu wa Kisumu na nyote mnaofanya kazi hotelini huku magharibi, naomba tulijadili hili waziwazi. Katika hoteli nilizofanyia kazi, mgeni akiondoka bila kulipa, bei ya chumba hukatwa kwenye mshahara wa aliyekuwa zamu mapokezi. Wenye hoteli hutetea makato hayo wakisema bila hofu hiyo makarani watauza vyumba kando, bila risiti. Mimi napinga.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata pesa zilizopungua kwa uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, mradi mkataba uwe umetaja wazi kwamba mfanyakazi huyo amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Wengi wetu tuliajiriwa kwa mdomo. Mkataba huo uko wapi? Tena pesa za mgeni aliyehepa hazikuwahi kufika mkononi mwa karani, basi zimepunguaje? Hilo ni deni la mgeni kwa hoteli. Na hata makato yakiwa halali, jumla yake hairuhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, ilhali wapo waliofika mwisho wa mwezi wakaambiwa hawana chao.

Tazameni kazi yenyewe usiku. Karani ni mmoja. Anapokea simu, anaandikisha wageni walioshuka basi la Nairobi, anapeleka taulo juu kwa sababu watu wa usafi wameshatoka. Lango linalindwa na askari wa kampuni nyingine. Saa nane usiku mgeni anamwonyesha ujumbe wa M-Pesa, lakini simu inayopokea ujumbe wa tili, yaani namba ya hoteli ya kupokelea malipo ya M-Pesa, iko na meneja, naye amelala kwake. Karani akimkatalia mgeni, ameharibia hoteli jina. Akimwamini na ujumbe ukawa bandia, analipa yeye. Nani aliyeamua simu ile isikae mapokezi?

Hata huo utaratibu wa kulipa siku ya kuondoka haukuwekwa na karani. Ni wa mwenye hoteli, anayeogopa wateja wasihamie kwa jirani. Na wale wageni wa warsha wanaoletwa kwa barua ya ofisi, malipo yakakawia miezi? Sijaona meneja akikatwa hata shilingi.

Hoja ya wizi siipuuzi. Wapo wanaouza chumba kando, na wanatuharibia sote. Lakini mshukiwa aitwe, aelezwe kosa lake mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, asikilizwe, kama kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinavyotaka kabla ya mtu kufutwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Makato ya kiholela humwumiza mwaminifu, na mwizi ndiye anayeyamudu.

Napendekeza simu ya tili ikae mapokezi, mgeni alipe usiku wa kwanza kabla ya kupewa ufunguo, na pasiwe na makato bila maelezo ya maandishi. Wenye hoteli mlio humu, mnakataa lipi hapo, na kwa nini? Nanyi makarani wa Nakuru, Kakamega na Busia, kuna aliyepeleka kesi ya makato kwenye ofisi ya leba au chama chetu cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, akarudishiwa pesa zake? Alianzia wapi?