Tupeane uzoefu: Kuongeza nguvu injini ya pikapu ukiwa nyumbani

Wakuu, salaam. Kila mara mtu anauliza tabo (turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia injini hewa zaidi) gani ifungwe kwenye Hilux, na majibu yanakuwa majina ya spea tu. Naomba tuelezane kwa kina: ulipima nini kabla, ulifunga nini, na gari imekaaje baada ya hapo. Naanza mimi.

Nina Hilux yenye injini ya 5L, cc 2986, dizeli isiyo na tabo, inabeba viazi Njombe. Huku tuko karibu mita 2000 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano, na injini inayovuta hewa yenyewe lazima ichoke mlimani. Nilitafuta tabo ya CT20 iliyotumika pamoja na manifodi ya ekzosi (mabomba yanayokusanya moshi wa silinda) ya injini ya 2L-T yenye tabo, kwa kuwa 2L-T na 5L ni ukoo mmoja.

Tabo ya mtumba usinunue bila kushika shafti yake kwa vidole. Ikicheza kidogo sana pembeni ni kawaida. Ikivutika mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yameshakwangua nyumba yake, muachie mwenyewe.

Oili ya kuilisha nimeitoa kwenye tundu la swichi ya presha ya oili, nikaweka kiungo cha T. Kazi hasa iko kwenye bomba la kurudisha. Liwe pana, lishuke tu bila kupanda popote, na liingie kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likikunjwa hata kidogo, oili inakosa pa kwenda, inapenya kwenye sili za tabo na ekzosi inatoa moshi wa bluu. Wengi hapo wanatupa tabo isiyo na ubovu wowote. Na sampo ishushe chini ndiyo uitoboe, tafadhali. Vumbi la chuma likibaki ndani linaishia kwenye beringi.

Pampu ya dizeli sikuigusa mpaka nimefunga geji mbili, ya presha ya tabo na ya joto la moshi. Presha naishia psi 8, kwa sababu 5L tayari inagandamiza hewa kwenye silinda zaidi ya 22 kwa 1 na sina intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo). Skrubu ya mafuta kwenye pampu nilizungusha kidogo kidogo, kila mara napanda mlima na mzigo kisha naangalia. Moshi mweusi ukitanda, mafuta yamezidi hewa, rudisha. Joto likikaribia nyuzi 700 nashusha gia na kulegeza mguu, maana pistoni ni za alumini.

Gari sasa inapanda vizuri sana. Nimeridhika.

*

Mbeya, Hilux D-4D, injini ya 1KD

Asante mkuu. Kwetu wa D-4D, dizeli inayoongozwa na kompyuta, hakuna skrubu ya mafuta, watu wanabadilisha programu ya kontroli boksi (kompyuta ya injini). Nashauri kwa nguvu zote: kabla ya hiyo programu, kagua nozeli (vinyunyizio vya dizeli kwenye silinda). Washa (ringi) za shaba chini ya nozeli zikivuja, gesi ya moto inapenya na kupika oili. Inakuwa masizi mazito yanayoziba chujio la kuvutia oili kwenye sampo, na injini inakufa kwa kukosa oili wakati dereva hana habari.

Mimi nilishusha sampo nikakuta chujio limeshaanza kuziba, gari likiwa bado linavuta safi. Nikabadilisha washa zote kwanza. Nikaunga pia mipira ya marejesho ya nozeli kwenye chupa nne zinazolingana, injini ikanguruma taratibu, nikalinganisha. Chupa inayojaa haraka kuliko wenzake, nozeli yake imechoka. Kipimo hicho hakihitaji mashine.

Programu ilipoingia, klachi ikaonyesha udhaifu wake kwenye mlima Kitonga: mzunguko wa injini unapanda, mwendo umelala palepale. Weka bajeti ya klachi mapema.

*

Nakuru, Isuzu TFR

Yangu ni 4JB1 yenye tabo, niliweka intakula mbele. Acha nafasi kati yake na rejeta, na uzibe pembeni hewa isikwepe. Mipira ya maji ya kawaida usitumie kwenye mabomba ya tabo, inavimba na kuchomoka. Chukua ya silikoni.

*

Muscat, Hilux ya petroli 2.7

Huku joto la kiangazi ni balaa, ndugu zangu. Vijana wanapenda filta ya wazi ndani ya boneti kwa sababu ya mlio wake. Inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini, na mchanga juu yake. Boksi la kiwandani lenye bomba linalovuta hewa ya nje limeishinda kwenye gari letu, tena waziwazi.

*

Morogoro, Hilux 3L

Mwenye uzi, sensa ya joto la moshi umeiweka wapi? Fundi ananiambia baada ya tabo ili tusitoboe manifodi.

*

Njombe

Mkuu, weka kabla ya tabo, pale njia za silinda zinapokutana. Baada ya tabo moshi umeshapoa, na tofauti hubadilika kulingana na mzigo, hivyo geji itakupa moyo wakati pistoni zinaungua. Manifodi ifungue kabisa, toboa na kata nyuzi ukiwa mezani, ipulize kwa hewa na uipitishie sumaku. Chembe moja ikienda kwenye mapanga ya tabo inayaharibu. Ukishafunga, tupe namba zako za mlimani, nataka kulinganisha na 5L.