Ushauri: nimealikwa kupanda Tibidabo kwa baiskeli Jumamosi ijayo na nimeshakubali

Binti_wa_Same
Habari za humu wakuu. Nipo Barcelona kimasomo tangu Februari. Profesa wangu na watu wa maabara wana desturi yao: likizo ya kiangazi ikikaribia wanavuka milima ya Collserola kwa baiskeli. Wanaanzia upande wa chuo, kule Cerdanyola, wanapita msituni hadi kileleni Tibidabo, mita 512, kisha wanashukia mjini kula. Mwaka huu ni Jumamosi ijayo. Saa kumi na mbili jioni tutakuwa juu tuone jua likizama baharini.

Naomba kujua: nivae nini, nibebe maji kiasi gani, na njia ikoje? Majibu ya maana tafadhali, nina wasiwasi kweli na usingizi umekata.

Kibarazani
Nimechukua siti ya mbele. Bisi zipo jikoni.

MzaramoHalisi
Kaka, kilichokupeleka huko ni shule au baiskeli? Nina binamu alienda Poland kusoma, akaanza na mambo ya kuteleza kwenye theluji. Leo hana cheti na nyonga ina vyuma. Tulichanga sisi.

Binti_wa_Same
MzaramoHalisi, mimi ni dada. Jina linajieleza.

MzaramoHalisi
Samahani dada. Ila nyonga ni nyonga.

Fundi_Spoku
Nimekaa huo mji, Collserola naijua. Ni hifadhi ya zaidi ya hekta 8,000, ilitangazwa rasmi mwaka 2010, na imepakana na nyumba za watu kabisa. Misonobari, mialoni, na vumbi jeupe wakati wa kiangazi. Baiskeli haziruhusiwi kwenye vijia vyembamba, ni kwenye njia za upana unaozidi mita 3, na mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa. Waenda kwa miguu wana haki ya kwanza. Siku ya joto kali angalieni asubuhi tahadhari ya moto, wanaiita Pla Alfa. Ikifika ngazi ya 4 msitu unafungwa, hata profesa harudishiwi heshima yake getini.

Maji beba lita mbili. Nguo yoyote isiyonasa kwenye mnyororo. Baiskeli yako ni ya aina gani?

Binti_wa_Same
Asante sana Fundi, haya ndiyo majibu. Baiskeli ipo, ya umeme, nainunua kutoka kwa mwanafunzi anayerudi kwao. Nimeshatoa nusu ya hela. Vipi kuhusu viatu?

Fundi_Spoku
Raba zinatosha. Umezoea giya za namna gani? Na umewahi kushuka mteremko wa changarawe? Kupanda ni pumzi tu, watu wanaumia wakati wa kushuka.

Binti_wa_Same
Mimi ni Mpare, milima ipo hadi nyuma ya jiko. Tusipoteze muda kwenye giya. Kofia ya jua inaruhusiwa chini ya helmeti?

Shombe_la_Pwani
Bebeni mishkaki mbichi na mkaa kidogo. Mkifika juu mnawasha, wazungu wanasahau habari za kushindana.

Fundi_Spoku
Usimpoteze mwenzio. Kuanzia 15 Machi hadi 15 Oktoba ni marufuku kuwasha moto msituni na ndani ya mita 500 kutoka msituni. Atakula hiyo mishkaki polisi.

Mama_Njeri_Busia
Binti, nimesoma toka juu. Umeulizwa giya ukakwepa, umeulizwa mteremko ukaingia kwa milima ya kwenu. Hebu nijibu kama mama yako: unajua kuendesha baiskeli?

Kibarazani
😂😂 Bisi zimeiva.

Binti_wa_Same
Swali langu lilikuwa mavazi na maji.

Mama_Njeri_Busia
Ndiyo ama hapana?

Binti_wa_Same
Haya. Sijui.

Lakini msinirukie. Nyumbani kulikuwa na Phoenix moja na kaka zangu watatu, nani angeniachia mimi? Mtoto wa kike alipanda nyuma. Mwezi wa kwanza huku, mezani wakati wa chakula, profesa akaniuliza kama Tanzania watu wanaendesha baiskeli. Nikamwambia mimi nilienda shule kwa baiskeli kila siku. Na ni kweli, nilienda kwa baiskeli. Nilikaa kwenye keria.

Akafurahi mno. Toka siku hiyo kila mgeni wa maabara ananitambulisha hivyo. Sasa nianzie wapi kumwambia? Ndiyo maana nimechukua ya umeme, ile inajiendesha.

Fundi_Spoku
Haijiendeshi! Hizo za Ulaya sio bodaboda. Mota ni wati 250, inakusaidia pale tu unapopiga pedali, na ukifika kilomita 25 kwa saa msaada unakata. Tena ni nzito kuliko baiskeli ya kawaida. Asiyejua kusimamisha baiskeli nyepesi ataisimamishaje hiyo? Rudisha hela.

Binti_wa_Same
Hela hairudi, tulikubaliana. Na nimeangalia video nyingi, nadharia ninayo yote. Tatizo ni zile sekunde za mwanzo tu.

MzaramoHalisi
Nilisema nyonga.

Mama_Njeri_Busia
Huku kwetu mpakani, kabla pikipiki zije, bodaboda ilikuwa baiskeli yenyewe, na kiti cha sponji nyuma. Marehemu mume wangu alinibeba hivyo nikiwa na mimba ya kifungua mimba na gunia la omena juu ya mapaja. Sikuwahi kushika usukani mpaka nikapata miaka arobaini na mbili. Mtoto wangu ndiye alinifunza. Aliteremsha siti mpaka nyayo zikakaa chini zote, akang'oa pedali, akaniambia nisukume kwa miguu nikiangalia mbali. Siku ya tatu akarudisha pedali. Nilianguka kwa mihogo ya jirani lakini nilienda.

Fundi_Spoku
Mama kasema kweli tupu, hata mafundi wa huko wanafundisha hivyo. Binti, una wiki nzima. Tafuta baiskeli ya kawaida ya kuazima, Jumapili nenda maegesho ya chuo yakiwa matupu, palipo na mteremko mdogo. Ila Jumamosi usipande hiyo milima. Wiki moja inakufikisha dukani na kurudi, haikuvushi Collserola.

Ustadh_Mkweli
Tatizo hapa sio baiskeli. Uongo mmoja unazaa mwingine. Mfuate mwalimu wako umwambie, utapumzika.

Binti_wa_Same
Ustadh, sikuongopa. Nimeeleza kuhusu keria.

Shombe_la_Pwani
Wasiwasi wangu mimi ni nguruwe pori. Hiyo milima imejaa, wanashuka mpaka mjini. Shakira mwenyewe mwaka 2021 alisema walimvamia kwenye bustani hapo Barcelona wakaondoka na begi lake. Wewe uko kwenye baiskeli huijui, nguruwe nyuma, profesa mbele...

Nasoma_Nukta
Jamani nimekaa kimya muda mrefu. Hii ni CHAI. Someni posti ya kwanza tena. "Saa kumi na mbili jioni tuone jua likizama baharini." Kwanza, sasa hivi ni Juni. Barcelona jua linazama saa tatu usiku imepita. Saa kumi na mbili jioni huko bado watu wanapaka mafuta ya jua. Pili, bahari ya Barcelona iko upande wa mashariki na kusini, kama Dar. Jua linachomoza baharini! Huyu hajawahi kukanyaga huko. Yupo Tegeta na simu.

Kibarazani
Duh. Hapo nimeacha kutafuna.

Shombe_la_Pwani
Hata mimi nilisita kwenye hilo la jua. Ila mkuu usiseme "kama Dar" ukamaliza. Forodhani Unguja tunalitazama jua likizama baharini kila siku.

Nasoma_Nukta
Forodhani inatazama magharibi. Barcelona sio Unguja. Binti aweke picha.

Ustadh_Mkweli
Ndiyo maana nikasema uongo unazaa.

Binti_wa_Same
Picha siweki, watu wa maabara wananijua na kuna Mkenya mmoja idara ya jirani anaweza kuwa humu. Nasoma_Nukta, profesa alisema tutafika juu jioni tutaona bahari. La jua nimeliongeza mwenyewe, na saa nimekadiria kwa Februari nilipofika, wakati huo jua lilizama kwenye saa kumi na mbili. Mimi mtu wa bara, bahari nimeiona ukubwani. Nyie wa pwani mnazaliwa na dira?

Ndiyo, juu sijafika. Nimeliona kanisa kwa chini tu, lile lenye sanamu ya Yesu amefungua mikono, na ule mnara wa simu pembeni yake.

Fundi_Spoku
Nukta, mwache. Mtu anayezua hadithi asingeongeza habari ya keria. Na kwa taarifa yako binti, jua la Juni ukiwa Tibidabo unalitazama ukiipa bahari mgongo, linazamia bara, upande wa mlima Montserrat. Ni zuri kuliko la baharini, hilo nakuhakikishia.

Sasa sikia njia ya kutokea. Panda treni hadi Peu del Funicular, ingia funikula (kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba kupanda mlima) ya Vallvidrera, bonyeza kitufe cha kituo cha kati, Carretera de les Aigües. Ukishuka hapo kuna njia pana ya vumbi imezunguka ubavu wa mlima, kilomita 9 hivi, tambarare. Mji wote uko chini yako, kuanzia kanisa la Sagrada Família hadi bandarini. Tembea kwa miguu, kisha endelea na funikula hadi Vallvidrera, wasubiri wenzako juu. Waambie umechagua kutembea. Huhitaji kueleza zaidi.

Nasoma_Nukta
Kitufe cha kituo cha kati kipo kweli, nimekagua. Mashaka yangu kuhusu binti bado yapo.

Mama_Njeri_Busia
Hiyo ya Fundi ni safi. Tembea mama. Baiskeli utajifunza pole pole.

Binti_wa_Same
Asanteni wote. Nimefuata ushauri. Nimemwandikia profesa sasa hivi kwamba nitatangulia kwa funikula na kutembea, kwa sababu goti langu la zamani la baiskeli limeamka.

Ustadh_Mkweli
Inna lillahi.

Fundi_Spoku
Goti la zamani la baiskeli?? 🤦

Binti_wa_Same
Keria ya Phoenix haikuwa na sponji, Fundi. Na kajibu hapo hapo, ana rafiki yake daktari wa magoti, anataka nionane naye Jumatatu.

Kibarazani
Msifunge uzi huu.

MzaramoHalisi
Dada, hiyo ya umeme kwa kuwa huitumii, nusu ya hela iliyobaki ni shilingi ngapi? Na betri inaruhusiwa kwenye meli mpaka Dar?