Skani ya MIBG ni ya nini na CT tumeshafanya?

Mama K, Kondele: Hamjambo wapendwa, mtoto wangu ana miezi 11, nilikuwa namwogesha kwa karai nikashika kitu kigumu chini ya mbavu, altrasaundi ikaonyesha uvimbe juu ya figo, sasa wanasema ni nyuroblastoma, saratani ya watoto inayoanza kwa chembe changa za neva, na wanataka MIBG tena. Ya nini? Na atapona kweli?

Nesi wa Nakuru: Pole sana mama. CT, ile picha ya eksirei ya kompyuta, inaonyesha uvimbe umekaa wapi na umezingira mishipa gani. MIBG ni dawa ya mionzi kidogo anadungwa, uvimbe mwingi wa aina hii, kama 9 kati ya 10, huinyonya, basi unang'aa kwa picha hata ukijificha ndani ya mfupa. Atapewa ayodini kukinga tezi ya shingo. Chini ya miezi 18 matumaini huwa makubwa zaidi, lakini uliza kama wamepima jeni ya MYCN kwa uvimbe, nakala zake zikizidi ugonjwa huwa mkali hata kwa mtoto mdogo.

Baba Bungoma: Wetu alikuwa miezi 3, imeenea kwa ini na ngozi, tukalia sana, kumbe hiyo ya wachanga huweza kunywea yenyewe, wakawa wanamwangalia tu kwa altrasaundi mpaka ikaisha. Saa hii yuko PP1, chekechea. Mama, beba CD za picha zote, si ripoti peke yake.