Vijana wanaujua wimbo, aliyeuimba kwanza hawamjui. Ni sawa hii?

MpendaSanturi:
Wakuu habari za saa hizi. Kuna kitu kinanikera sijui ni uzee au vipi. Mtoto wa dada yangu kanibishia kabisa kwamba Salome ni ya Diamond na Rayvanny mwanzo mwisho, nikamwambia hebu mtafute Saida Karoli, kasikiliza nusu dakika eti "huyu mama kamkopi Diamond". Kamkopi!! Saida alikuwa anaimba Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na watu wanaitikia hata maneno hawayaelewi, hiyo Salome mpya imetoka 2016. Sasa nauliza, hawa wanaorudia nyimbo za zamani wanazifufua au ndo wanawazika wenyewe?

Kibwagizo:
Mkuu kwani Malaika wewe uliisikia kwa nani mara ya kwanza? Wengine Miriam Makeba, wengine Boney M (hao waliitoa 1981), wengine Angélique Kidjo, Fadhili William tunakuja kumjua baadaye tukishaanza kuchimba. Na Bi Kidude je? Nyimbo kibao alizozibeba ni za Siti binti Saad, na Siti karekodi Bombay 1928 huko, nani kati yetu angeenda kutafuta santuri ya 1928 kama si yule bibi kuziimba mpaka uzeeni? Muache dogo, ataufikia tu.

SautiYaPili:
Mi naona inategemea anayerudia kafanya nini na wimbo wenyewe. Chukua Fast Car, Tracy Chapman kaitoa 1988, halafu 2023 Luke Combs mwanaume wa kantri kaiimba vilevile, hata pale dada wa kwenye wimbo anaposema anafanya kazi ya keshia dukani, jamaa hakubadilisha kuwa kijana wa kiume, kaimba hivyohivyo kama ilivyoandikwa. Yaani unasikia kabisa huyu mtu kaukuta wimbo wa mwenzie akaingia na adabu. Mwaka uleule Tracy akapewa tuzo ya CMA (zile za muziki wa kantri Marekani) ya wimbo bora wa mwaka, wimbo una miaka 35, na Februari 2024 wakasimama wote wawili Grammy, na ile rekodi ya zamani ndo ikapanda hadi namba moja iTunes, sio ya Combs. Sasa hapo kazikwa nani?

Ila wapo wanaochukua kiitikio tu wakatupa beti zote, hao nakuunga mkono wanakera.

Mtunzi_Hoi:
Mnaongea adabu mnasahau hela. Sheria karibu kila mahali inatofautisha mtunzi na mwimbaji, wimbo ukirudiwa anayelipwa ni mwenye utunzi, yule aliyeuimba tu kwanza hapati kitu kwenye rekodi mpya hata kama sauti yake ndo ilifanya wimbo ujulikane. Tracy kaandika mwenyewe kila neno ndo maana kacheka. Dolly Parton hivyohivyo, Elvis alitaka kuimba I Will Always Love You meneja wake akadai nusu ya haki za wimbo, mama kakataa, na Whitney Houston alipokuja kuurudia 1992 hela ya utunzi ikaenda kwa Dolly. Sasa mtazame Solomon Linda aliyerekodi Mbube 1939, haki aliziuza kwa shilingi kumi, kafa maskini 1962 wakati wazungu wanauimba dunia nzima kwa jina lingine, The Lion Sleeps Tonight, familia imekuja kufikia makubaliano ya malipo 2006. Watoto waliujua huo wimbo kwenye katuni ya simba. Kujulikana bila karatasi ni kelele tu.

MpendaSanturi:
@Mtunzi_Hoi hapo umenigusa, mi nilikuwa nawaza heshima tu. @Kibwagizo sawa nimekusikia lakini "kamkopi" bado inaniuma 😂 Sasa huyu dogo nimuonyeshe nini, maana maneno yangu hayaamini?

Kibwagizo:
Hahaha mwambie kwenye simu yake akifungua maelezo ya wimbo aangalie sehemu ya mtunzi, sio ya mwimbaji, halafu alinganishe miaka. Nyingi zinaonyesha. Ila usianze naye na Malaika, hiyo watu wazima wenyewe wamegombania utunzi miaka na miaka, mtakesha.

SautiYaPili:
Na umwekee ya Saida hadi mwisho bana, nusu dakika haitoshi kumsikia yule mama.