Haki ya kusema ndani ya jengo la maduka la mtu binafsi

Mkazi wa Ngamiani, Tanga: Ndugu zangu, jana mlinzi wa jengo la maduka alininyang'anya karatasi ya saini za kuomba taa za barabarani, kalamu ingali mkononi mwa mama mmoja. Je, Ibara ya 18 ya Katiba, ile ya uhuru wa maoni, inaishia mlangoni?

Jibu, Chumbageni: Pole sana. Ibara ya 24 nayo inamlinda mwenye mali. Huko Marekani, mwaka 1980, Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Pruneyard, jengo la maduka la mtu binafsi, kwamba katiba ya jimbo la California ingeweza kuwaruhusu wanafunzi kukusanya saini humo bila kuvunja haki za mwenye jengo.

Jibu, Raskazone: Lakini uamuzi huo haukuyabana majimbo mengine. Mwandikie meneja kwanza, ndugu yangu. Hata hivyo, kumpokonya mtu karatasi yake ni uonevu.