Kufungua mabano mawili kunamshinda mdogo wangu, nimueleze vipi?

dada_wete
Asalaam alaykum jamani. Nna mdogo wangu yuko fomu tuu huku Wete, aljebra ya kujumlisha na kutoa hana taabu nayo lakini akipewa mabano mawili azidishe basi. Mfano (x + 3)(x + 5), yeye x mara x, halafu 3 mara 5, anaandika x² + 15 kamaliza huyo anakwenda zake mpirani. Nikimwambia sio, ananijibu "mbona ile ya juzi nlifanya hivi hivi na maalim kanipa tiki". Mie najua jawabu ni x² + 8x + 15 ila kumueleza hiyo 8x imetoka wapi ndo nakwama, naishia kusema "ndo kanuni" na yeye hataki kusikia kanuni. Nianzie wapi?

duka_darajani
Waalaykum salaam. Dada usibishane nae, mpe namba. Mwambie x ni 2, bano la kwanza linakuwa 5 la pili 7, 5 mara 7 ni 35. Sasa aiweke hiyo 2 kwenye jawabu lake, 4 na 15 anapata 19. Zimepotea 16, na 8x ukiweka 2 ni 16 hiyo hiyo. Ila asiweke sifuri, sifuri inatoa 15 huku na huku atakushinda kesi 😂
Na muulize 12 mara 13 anafanyaje, maana kwa mtindo wake ni 10 mara 10 kujumlisha 2 mara 3, yaani 106, wakati ni 156.

fundi_vigae
Mie sio mwalimu, natia vigae tu, lakini hii naiona kila siku. Mchoree chumba, urefu x + 5, upana x + 3. Piga mstari pale x inapoishia kwenye urefu, piga mwengine kwenye upana, utapata vipande vinne, kimoja x², kimoja 5x, kimoja 3x na kile kidogo cha pembeni 15. Huyo bwana mdogo katia vigae pembe mbili zinazotazamana tu, mwenye nyumba hamlipi.

maalim_mstaafu
Mchoro wa fundi mzuri, ila ikija mainasi mtoto atakuuliza chumba cha mainasi nne kikoje, kwa hiyo hapo ufanye jadweli tu la visanduku vinne na kila namba iingie na alama yake. (x − 4)(x + 7) inatoa x², 7x, −4x, −28, ukikusanya za x unapata x² + 3x − 28.
Lakini dada, mie limenigusa hilo la tiki. Hebu tazama daftari lake, nahisi hesabu ya juzi ilikuwa ya aina ya (x + 6)(x − 6). Hapo za katikati ni −6x na 6x, zinauana, inabaki x² − 36, na njia yake ya mkato inatoa jawabu sahihi. Ndo maana haamini akiambiwa kakosea.

dada_wete
Wallahi maalim, ni (x + 9)(x − 9)! Nimemuonesha kanyamaza, halafu ananiuliza sasa ataijuaje mapema kama zitauana au la.

maalim_mstaafu
Mwambie asihangaike kujua mapema, azidishe zote nne kila mara, zikiuana ataziona. Mpe (2x − 3)(x − 5). Akileta −8x katikati ujue ile 2 ya mbele kaiacha njiani.

dada_wete
Kaleta 2x² − 13x − 15, na anacheka kabisa kuwa safari hii kapata.

duka_darajani
Katikati kapata. Mwisho pale mainasi mara mainasi kaiachia mainasi. Usimwambie, mwambie aweke x ni 1, mabano yatatoa 4 na lake litatoa −26, mwenyewe atatafuta pa kurudi.