Naomba ushauri: maswali ya ufahamu ya "mwandishi anadokeza nini", mnachaguaje jibu?

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na maswali ya ufahamu kwenye mitihani kama IELTS (ule wa Kiingereza) au SAT (wa kuombea vyuo vya Marekani). Maswali ya moja kwa moja hayanipi shida kabisa, ishu ni yale ya kudokeza, unabaki na majibu mawili na yote yanaonekana poa.

Mfano kifungu kinasema mwenye duka alianza kufunga saa kumi na mbili jioni badala ya saa tatu usiku, na akapunguza wahudumu. Jibu A: huenda wateja wa usiku walipungua. Jibu B: alifilisika sababu ya ushindani. B naitupa fasta, ushindani haujatajwa popote na kufilisika kumezidi kilichoandikwa. Sasa hiyo A, nayo si inawezekana jamaa anaumwa tu? Hapo ndo nakwama, dalili zikiwa kiasi gani ndo tunasema jibu limethibitishwa?

Kwenye IELTS pia kuna ile ya kupewa sentensi useme ni Kweli, Uongo au Haijatajwa, najua kifungu kikipinga ni Uongo na kikikaa kimya ni Haijatajwa, ila muda ukibana naanza kujazia na ninayoyajua mwenyewe nje ya kifungu, na hiyo tabia nataka sana kuiacha.

Je mnatafuta mstari wa kuthibitisha kila jibu au mnaanza kwa kuondoa mabaya? Na majibu yenye "wote" au "kamwe" mnayakata moja kwa moja, hata kama kifungu chenyewe kimeongea kwa ukali hivyo hivyo?